Kesi ya nyani mmempa ngedere: barua ya wazi kwa Bunge la Marekani na Gavana wa New York

Waheshimiwa Maseneta na Wabunge mlioko Washington,
Mheshimiwa Gavana Kathy Hochul,
Waheshimiwa wajumbe wa Bunge la Jimbo mjini Albany,

Naandika kutoka Utica, New York. Kazi yangu ni ukalimani: leo hospitali, kesho shuleni, keshokutwa mahakamani. Nimeiandika barua hii kwa Kiswahili makusudi. Kina mama ninaowatafsiria wana haki ya kuisoma kabla yenu. Nyinyi mna fedha za kulipa wakalimani. Wao wana mimi tu.

Kutoka mlangoni kwangu hadi gereza la Marcy ni kama robo saa kwa gari. Ng'ambo ya barabara yake kuna gereza jingine, Mid-State. Tulipoletwa hapa kutoka kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, baadhi yetu tuliona zile taa na zile senyenge tukadhani ni kiwanda, na mzee mmoja akauliza kama wanaajiri. Wanaajiri kweli. Askari wengi wa magereza hayo ni majirani zetu, watoto wao wanasoma na wetu, na theluji ikizidi wapo wanaotusaidia kusukuma magari. Sikusudii kuwatukana. Nawaandikia nyinyi kwa sababu sheria ninayoilalamikia, ile inayomzuia mfungwa aliyepigwa kufikisha kesi yake mahakamani, si wao walioitunga.

Tarehe 9 Desemba 2024, Robert Brooks, mtu mzima wa miaka 43 aliyekuwa anatumikia kifungo cha miaka 12, alihamishwa kutoka gereza la Mohawk kuletwa Marcy. Usiku uleule, akiwa na pingu na mikono nyuma, alipigwa na askari ndani ya zahanati ya gereza. Kesho yake akafariki hapahapa Utica, hospitali ya Wynn, ambako mimi huenda kutafsiri. Askari walikuwa wamevaa kamera kifuani na hawakuzibonyeza zirekodi. Kumbe kamera ile ikishawashwa, hata isipobonyezwa, inaendelea kunasa picha bila sauti. Tusingeyajua haya kama kifaa hicho kisingekuwa na tabia ambayo wenyewe hawakuijua, au waliisahau.

Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Letitia James, aliitoa video hiyo hadharani tarehe 27 Desemba. Niliitazama mara moja na sitaisimulia. Kilichonishtua zaidi kilikuja siku chache baadaye: Mwanasheria Mkuu akajitoa katika kesi ya jinai. Alieleza sababu mwenyewe, na alifanya vizuri kueleza. Ofisi yake ilikuwa tayari inawatetea baadhi ya askari hao katika kesi za madai zilizofunguliwa na wafungwa wengine.

Yaani kabla Brooks hajaguswa, baadhi ya majina yale yalikuwa yameshaandikwa katika majalada ya mahakama, na walioyaandika ni watu waliosema kwamba askari waliwaonea. Serikali iliyajua, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa inalipa mawakili wa kuwatetea.

Kesi ya jinai alikabidhiwa mwendesha mashtaka wa kaunti ya Onondaga. Februari 2025 watu 10 wakashtakiwa, sita kati yao kwa mauaji. Baadhi wakakiri makosa. Oktoba 2025 juri, yaani raia wa kawaida wanaoitwa kuamua kesi, ikamtia hatiani askari mmoja kwa kuua na kuwaachia wawili. Katikati ya hayo, tarehe 1 Machi 2025, wakati askari wa jimbo zima wakiwa kwenye mgomo, kijana wa miaka 22, Messiah Nantwi, naye akafa baada ya kipigo, hapo Mid-State, ng'ambo ya barabara. Askari 10 wengine wakashtakiwa, wawili kwa mauaji. Jengo kwa jengo, miezi mitatu haijatimia.

Kila mmoja wenu alitoa tamko la kusikitika. Mheshimiwa Gavana, wewe uliagiza wafanyakazi 14 wafukuzwe kazi, na kwa hilo nakushukuru. Lakini kesi ya mauaji ni ya mtu aliyekwisha kufa. Mimi nataka kuzungumzia kesi za watu waliopigwa wakabaki hai, kwa sababu hizo ndizo zingeweza kuwaonya, na hizo ndizo mlizozifunga mdomo kwa sheria.

Kwa wasomaji wangu ambao hawajawahi kuingia mahakama ya shirikisho, nieleze kidogo. Mwaka 1871, Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, ilipokuwa inaua watu weusi huko kusini huku masherifu wakigeuzia macho upande wa pili, Bunge la Marekani lilitunga sheria inayomruhusu mtu kumshtaki mwenyewe ofisa wa jimbo aliyevunja haki zake za kikatiba, na kudai fidia. Wanasheria huiita kwa namba ya kifungu, 1983. (Mama mmoja aliniuliza kwa nini kesi ya mwanawe inaitwa jina la mwaka ambao hajazaliwa.) Mwaka 1964 Mahakama ya Juu ikakubali kwamba hata mfungwa anaweza kuitumia. Mwaka 1992 ikaenda mbele zaidi, katika kesi ya Hudson. Huyo alikuwa mfungwa wa gereza liitwalo Angola, jimbo la Louisiana, aliyepigwa akiwa na pingu hadi meno yakalegea, huku msimamizi akiwa amesimama hapo, akiwaambia tu askari wasijifurahishe kupita kiasi. Hakimu alikuwa amempa dola 800. Mahakama ya Juu ikasema mfungwa halazimiki kuvunjwa mifupa ndipo kipigo kihesabiwe ukatili; swali ni kama nguvu ilitumika kwa nia njema ya kurudisha utulivu au kwa ubaya wa kumuumiza mtu.

Hapo palikuwa pazuri. Miaka minne baadaye mkapabomoa.

Tarehe 26 Aprili 1996 Rais Bill Clinton alitia saini sheria ya kupunguza kesi za wafungwa, inayojulikana kwa kifupi PLRA. Haikuja peke yake. Ilibebwa ndani ya muswada wa bajeti, kama mbuzi aliyefichwa kwenye lori la mahindi. Mwaka huohuo kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa kupokea Wakongo tuliokimbia vita. Wengi wa vijana wetu wana umri sawa na sheria hiyo, na baadhi yao sasa wanaishi chini yake.

Hoja iliyotumika wakati huo ilikuwa kwamba wafungwa wanafungua kesi za upuuzi. Mfano uliopendwa ni wa mfungwa aliyeshtaki eti kwa kupewa siagi ya karanga isiyo aina aliyoitaka. Watu walicheka sana. Jaji Jon Newman, wa mahakama ya rufaa ya shirikisho inayohudumia New York, akaenda kulitafuta jalada lenyewe. Alichokuta ni hiki: mfungwa alinunua siagi kwa fedha zake kwenye duka la gereza, akaletewa isiyo sahihi, akairudisha kwa askari akiahidiwa kuletewa nyingine kesho yake, na usiku huohuo akahamishiwa gereza jingine. Fedha zilikatwa, siagi hakuiona. Alikuwa anadai dola 2.50 zake. Nyinyi mnaweza kuita hicho kitu kidogo. Kwa mtu anayelipwa senti kadhaa kwa saa, si kidogo. Na hata kingekuwa kidogo, sijui siagi ya karanga inahusiana vipi na mtu aliyevunjwa taya.

Mwaka 1995 wafungwa walifungua kesi kama 40,000 katika mahakama za shirikisho. Miaka mitano baadaye zilikuwa zimeshuka hadi kama 25,000, ingawa idadi ya wafungwa ilikuwa imepanda. Mlijipongeza. Hakuna aliyeuliza ni ngapi kati ya zilizopotea zilikuwa za siagi, na ngapi za taya.

Kifungu kinachouma kuliko vyote katika sheria hiyo kinasema hivi: mfungwa haruhusiwi kwenda mahakamani mpaka amalize ngazi zote za malalamiko ndani ya gereza. Ukikisoma ukiwa Washington, ni maneno ya busara: wenye nyumba wapewe nafasi ya kusuluhisha kwanza, na sisi tulikulia kwenye mabaraza ya wazee, tunaujua utaratibu huo. Lakini baraza la wazee halikai nyumbani kwa mtuhumiwa, wala mtuhumiwa si ndiye tarishi anayebeba barua ya mlalamikaji. Wazee wetu walikuwa na neno la haraka kwa jambo kama hili: kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ikasema mfungwa lazima apande ngazi hizo hata kama hazina uwezo wa kumlipa senti moja anayodai. Mwaka 2002 ikasema masharti hayo yanahusu hata kupigwa na askari. Mwaka 2006 ikasema kuchelewa ni kukosa: ukipitisha siku zilizowekwa na gereza, basi, mlango wa mahakama umefungwa pia. Katika magereza ya New York siku hizo ni 21. Baada ya jibu la kwanza unakata rufaa kwa mkuu wa gereza, kisha kwa kamati ya makao makuu Albany, na kila rufaa ina siku zake.

Siku 21 zinaonekana nyingi kwa mtu mwenye kalamu, meza na usingizi. Acha niwaambie jinsi zilivyopita kwa mtoto wa jirani yangu.

Sitamtaja, wala gereza alilokuwa. Alifanya kosa, alihukumiwa, na mama yake hajawahi kuniomba nimtafsirie uongo kuhusu hilo. Siku moja simu haikuja. Jumapili ya pili haikuja. Wiki ya tatu ikaja barua, nami nikaitwa kuisoma. Kijana aliandika kwamba alipigwa kwenye korido isiyo na kamera, mikono ikiwa na pingu, kisha akawekwa chumba cha adhabu cha peke yake. Humo hutoki kwenda kwenye sanduku la malalamiko. Unamwomba askari anayepita akuletee fomu, unaijaza, unampa huyohuyo akupelekee. Hakuna risiti. Alijaza siku ya nne kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umevimba, akaipitisha chini ya mlango.

Mama yake alinisimamisha hapo. "Alimpa nani?" Nikamwambia, askari. "Yule aliyempiga?" Nikasema barua haisemi, labda mwenzake. Akanyamaza kidogo, akaniambia niendelee.

Alipotoka kwenye chumba kile akauliza jibu la malalamiko yake. Akaambiwa hakuna malalamiko yaliyopokelewa kwa jina lake. Akaandika mengine, yakarudishwa, muda umepita. Akakata rufaa, rufaa ya kitu gani, wakati hakuna uamuzi? Baadaye akafungua kesi mwenyewe katika mahakama ya shirikisho, bila wakili, ada ya dola 350 ikikatwa kidogokidogo kwenye akaunti yake ya gereza. Mawakili wa serikali hawakujibu kama alipigwa au hakupigwa. Walijibu neno moja tu: hakumaliza ngazi za malalamiko.

Mwanasheria atakayesoma hapa ataniambia kwamba mwaka 2016 Mahakama ya Juu ilisema ngazi zisizopatikana hazihesabiwi, kwa mfano kama askari wanamtishia mtu au wanamzuia, na kwamba mwaka huohuo mahakama ya rufaa inayohudumia New York ilisema wazi kuwa mfungwa aliyempa askari malalamiko ambayo hayakufikishwa, kanuni za jimbo hazimpi njia inayoeleweka ya kukata rufaa. Najua. Nimezisoma, nikazitafsiri mezani kwa yule mama. Tatizo ni kuthibitisha kwamba karatasi uliyompa askari uliitoa kweli. Askari alisema hakumbuki. Karatasi haipo. Mtu alitakiwa kuthibitisha kwa ushahidi uliokuwa mikononi mwa wadaiwa wake. Kesi ikafutwa. Hakuna jaji wala juri aliyewahi kuulizwa kama kijana yule alipigwa.

Juni 2025, kwa kura tano dhidi ya nne, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi kutoka Michigan, ambako mfungwa alidai ofisa alikuwa akichana malalamiko yake, kwamba ubishi wa aina hiyo ukifungamana na kiini cha madai, basi juri ndiyo iamue. Ni hatua. Kwa kijana wetu imekuja wakati basi limeshaondoka, na kwa wengine itategemea kama watapata wakili wa kuwafikisha mbele ya hiyo juri.

Na wakili atatoka wapi? Hilo nalo mmelishughulikia. PLRA imeweka kikomo cha malipo ya wakili wa mfungwa, kisha ikasema sehemu ya malipo hayo itoke kwenye fidia ya aliyepigwa. Illinois, gereza la Vandalia, mwaka 2011: mfungwa Charles Murphy alipigwa na askari hadi mfupa unaozunguka jicho ukapondeka, na jicho halikupona vizuri. Alishinda. Mahakama ikampa dola 307,733. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu, tena kwa kura tano kwa nne, ikasema robo nzima ya fedha hizo, karibu dola 77,000, iende kumlipa wakili kabla wadaiwa hawajaongeza chochote. Siwalaumu majaji sana. Walisoma maneno mliyoandika nyinyi. Mtu aliyepigwa uraiani na polisi, akishinda kesi kwa sheria ileile ya 1871, hakatwi hivyo. Jicho ni jicho, ila la mfungwa lina kodi.

Nahamia Albany, Mheshimiwa Gavana, maana si kila kitu ni cha kusukumia Washington.

Mwaka 2023 waandishi wa The Marshall Project walipekua kesi za New York na kukuta kwamba tangu 2010 jimbo lilishindwa au lilikubali kulipa fidia katika kesi zaidi ya 160 za wafungwa waliopigwa, jumla ya dola milioni 18.5, na kwamba idara ya magereza ilijaribu kumwadhibu askari katika kesi kama 20 tu kati ya hizo. Fedha zinatoka hazina ya jimbo. Askari hatoi senti, jalada linafungwa, na Jumatatu yuko kazini. CANY, chombo kilichopewa na sheria haki ya kuingia na kukagua magereza yenu, kilitembelea Marcy mwaka 2022 na kuandika kwamba wafungwa wanne kati ya kila watano waliohojiwa waliona au walipata mateso ya askari. Ilikuwa miaka miwili kabla ya Brooks. Nashindwa kuelewa karatasi hiyo iliwekwa kwenye droo ipi.

Na New York hamwezi kusema hamkuwa na fundisho. Septemba 1971, Attica, watu 43 walikufa, 39 kati yao kwa risasi za vyombo vya serikali siku ya kulirudisha gereza. Walionusurika walivuliwa nguo, wakapigwa na kupitishwa katikati ya safu za askari wenye virungu. Walifungua kesi ya madai mwaka 1974. Malipo yaliamuliwa mwaka 2000: dola milioni 8 kwa wafungwa, milioni 4 kwa mawakili. Miaka 26. Wengine walikuwa wamekwisha kuzikwa. Kesi ile ingefunguliwa chini ya PLRA, wale wazee wangeulizwa kwanza kama walijaza fomu.

Ninachoomba si kigeni. Wabunge, ondoeni sharti la malalamiko ya ndani kwa kesi za kupigwa na kudhulumiwa kimwili, hata kama mtalibakiza kwa siagi ya karanga. Futeni kodi ya jicho. Futeni pia kile kifungu kinachomzuia mfungwa kudai fidia ya mateso ya akili kama hana jeraha la kuonyesha, kwa sababu mtu aliyevuliwa nguo na kuwekewa kirungu shingoni hahitaji mchubuko ili tumwamini.

Gavana, agiza kila jina la askari linalotajwa katika kesi ya kipigo lipelekwe kwa mtu mmoja mwenye mamlaka ambaye hayuko chini ya mkuu wa gereza hilo, na jina likirudi mara ya pili na ya tatu, huyo mtu aandike kwa mkono wake kwa nini askari huyo bado anashika funguo. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu inayo orodha, ndiyo inayowatetea. Na wekeni njia ya malalamiko isiyopita kwenye mkono wa askari: simu, kisanduku kinachofunguliwa na mtu wa nje, chochote chenye risiti. Duka la simu la hapa mtaani kwetu hutoa risiti ya dola mbili.

Najua mtaniambia kwamba askari nao wanaumizwa, kwamba ni wachache, kwamba zamu za saa 24 zinawachosha. Ni kweli, jirani yangu mmoja alirudi kutoka zamu akalala ndani ya gari lake, injini ikiunguruma, mpaka mkewe akaja kumwamsha. Baada ya mgomo wa 2025 mlifukuza zaidi ya 2,000 na waliobaki wanabeba mzigo wao. Tatizo hilo linahitaji barua yake, na nitawasaidia wake zao kuiandika wakitaka.

Yule kijana bado ana miaka ya kutumikia. Amehamishiwa gereza jingine, anapiga simu Jumapili, na mkono wake wa kulia haufungi ngumi vizuri. Malalamiko ya pili, yale yaliyorudishwa na muhuri wa muda umepita, aliyatuma nyumbani. Yako kwangu, ndani ya faili, kwa sababu mama yake ana wajukuu wadogo na kila karatasi wanayoiona wanaichorea. Mkihitaji nakala, nitaileta Albany mwenyewe.

Wenu,
Mkalimani, Utica